Mwezi gani uende Kongo? Mwongozo kamili wa kuchagua majira, kutoka Lubumbashi

Mwaka jana wageni watatu walinipigia simu wakiwa wamekwama. Wa kwanza alikuwa njia ya Kasenga mwezi wa pili, gari limezama kwenye tope mpaka milango haifunguki. Wa pili alikuwa Kinshasa mwezi wa saba, amejaza begi nguo za kuogelea, siku ya tisa hajaona jua. Wa tatu alikuwa juu ya tishari katikati ya mto Kongo mwezi wa nane. Tishari lilikuwa limekalia fungu la mchanga, naye ananiuliza mimi, niliye Lubumbashi, kusini mwa Kongo ya Kinshasa, maji yatapanda lini.

Wote walikuwa wameuliza kabla ya kuondoka. Wa kwanza aliambiwa kiangazi cha Kongo ni Desemba hadi Februari. Ni kweli, kwa watu wa Uele, kaskazini kabisa. Wengine wawili waliambiwa ni Juni hadi Agosti. Hilo nalo ni kweli, ila hakuna aliyewaambia kwamba kiangazi cha Kinshasa hakina jua, wala kwamba kiangazi kinachokausha barabara ndicho kinachokausha mto.

Kwa hiyo usiitafutie nchi hii mwezi. Tafuta njia utakayopita, halafu kipande chake kigumu kuliko vyote ndicho kikuchagulie mwezi. Hatua zote saba zinafuata kanuni hiyo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Karatasi moja kubwa na kalamu. Chora miezi 12 kwa mstari, kuanzia Januari.
- Ramani inayotofautisha lami na udongo. Ya simu inafaa, lakini huonyesha barabara ya udongo kama barabara nyingine yoyote, kwa hiyo usiiamini peke yake.
- Namba ya mtu mmoja katika kila kituo. Awe anaishi pale na anatoka nje kila siku: dereva, mwalimu, padri, mama anayeuza sokoni.
- Kalenda ya sikukuu za Kongo na ya likizo za shule.
- Pasipoti, na kadi ya njano yenye chanjo ya homa ya manjano. Mpakani wataiomba. Chanjo huhesabiwa kuanzia siku ya 10 baada ya kuchomwa, basi usiiache hadi wiki ya safari.
- Fedha za siku kadhaa zaidi ya zile ulizopanga. Ukiona huna, punguza vituo kwanza ndipo uendelee kusoma.

## Hatua ya 1: Andika vituo, usiandike nchi

Kongo ina zaidi ya kilomita za mraba milioni 2.3 na ikweta inaipasua. Inaanza nyuzi 5 kaskazini, inaishia nyuzi 13 kusini. Mvua hulifuata jua: ikituacha sisi mwezi wa nne inakuwa njiani kwenda kaskazini, kwa hiyo sisi tukiwa tunavuna mahindi wenzetu wa kule ndio wanapanda.

Kutoka Lubumbashi hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege, na saa yenyewe haifanani. Kwetu ikiwa saa mbili asubuhi, kwao ni saa moja.

Andika majina: mji, hifadhi, ziwa, kijiji cha bibi. Kwa safari ya wiki mbili visizidi vitatu. Anayeandika vituo sita kwa wiki mbili anapanga kuviona viwanja vya ndege, na viwanja vyetu vya ndege si kivutio.

Ukimaliza, uweze kuitaja safari yako kwa sentensi moja bila kutumia neno "Kongo". Kwa mfano: "Naenda Lubumbashi, maporomoko ya Lofoi, kisha Kolwezi." Ukishindwa, rudia.

## Hatua ya 2: Weka kila kituo kwenye mvua yake

Chukua karatasi ya miezi 12. Kwa kila kituo, weka kivuli kwenye miezi ya mvua. Hii ndiyo hatua inayowaangusha wengi, kwa hiyo tuende polepole.

Kusini: Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, Kamina. Mvua za kwanza hugonga mabati mwezi wa kumi, zinakolea Novemba, zinatuaga Aprili. Mei hadi Septemba unaweza usione hata tone. Wageni huishia hapo: "Kumbe ni kiangazi, miezi mitano, yote sawa." Si sawa hata kidogo.

Mei na mwanzo wa Juni anga imeoshwa, majani bado yana kijani, vumbi halijaamka. Juni na Julai ni baridi. Tuko juu ya mita 1,200 na alfajiri joto hushuka chini ya nyuzi 10. Utawaona walinzi wa usiku wamezunguka moto wa mkaa. Agosti na Septemba miombo inachomwa kila upande, anga inakuwa ya kijivu, jua linazama jekundu kama kaa, na macho yanawasha. Oktoba ni joto tupu, kila mtu anaangalia mawingu. Anayetaka picha nzuri za Katanga, yaani huku kusini kwetu, na akaja Septemba atarudi na picha za moshi.

Masika yetu nayo yana utamu wake. Tangu Novemba uyoga unapangwa kando ya barabara, mkubwa kama sahani, na masuku yanaiva porini. Kama unakuja kula bukari, ugali wetu, kwa uyoga na kukaa na ndugu mjini, Desemba ni mwezi mzuri kabisa. Mvua ya hapa mara nyingi hushuka alasiri kwa kishindo, halafu inakwisha na watu wanaendelea na kazi.

Magharibi: Kinshasa, Matadi, Boma, Muanda. Kiangazi ni Juni hadi Septemba, lakini mbingu hufunikwa na mawingu, hewa inapoa, na bahari ya Muanda haikuiti. Ni majira mazuri kwa kutembea mjini na kwa mikutano. Kwa ufukwe ni mabaya. Mvua huanza mwishoni mwa Septemba hadi Mei, ikipungua kidogo Januari na Februari. Kuwa makini na Novemba, Desemba na Aprili. Mafuriko ya Desemba 2022 yaliua zaidi ya watu 100 Kinshasa, na Aprili 2025 maji yalifunga barabara ya kwenda uwanja wa ndege wa N'djili. Katika miezi hiyo usilale mbali na uwanja usiku wa kuamkia safari.

Katikati: Mbandaka, Kisangani na msitu wote. Hapa kiangazi cha kweli hakipo. Mvua inanyesha mwezi wowote, ila inapungua Januari na Februari, na kidogo tena Juni na Julai. Ukimpigia mtu wa Kisangani usimuulize "Mvua inaisha lini?" Atacheka. Muulize "Inapungua lini?"

Kaskazini: nchi ya Uele na hifadhi ya Garamba. Geuza kalenda yetu kichwa chini. Ukavu ni Desemba hadi Februari, sisi tukiwa tunaelea majini.

Milima ya mashariki: Goma, Bukavu, Butembo. Ukavu mrefu ni Juni hadi Agosti, na kuna upenyo mfupi Januari na Februari. Machi hadi Mei na Septemba hadi Desemba ni mvua. Juu ya Nyiragongo ni baridi mwezi wowote, kwa sababu ni karibu mita 3,500 juu ya usawa wa bahari.

Onyo: programu ya hali ya hewa kwenye simu itakuonyesha wingu la mvua kila siku ya Januari Lubumbashi. Haikwambii kama ni saa moja au siku nzima. Tofauti hiyo ndiyo safari yenyewe.

Ukimaliza, angalia karatasi. Kama kuna mwezi ambao vituo vyote havina kivuli, uzungushie duara. Kama hakuna, usiogope. Hatua inayofuata ndiyo inayoamua.

## Hatua ya 3: Tafuta kipande kigumu

Kati ya kituo na kituo, andika unapita juu ya nini: lami, udongo, mto, ziwa au hewa. Kila kimoja kina majira yake, na hayafanani.

Lami haijali sana. Lubumbashi–Likasi, karibu kilomita 120, na kuendelea hadi Kolwezi, karibu kilomita 300 kutoka hapa, unaweza kwenda mwezi wowote. Adui wa njia hiyo ni malori ya madini. Ondoka alfajiri.

Udongo unataka ukavu, na unautaka kwa wiki kadhaa. Watu husahau jambo hili: mvua ya mwisho ikinyesha leo, barabara haikauki kesho. Malori yameshachimba mashimo, tope lazima likauke, kisha magari yalisawazishe. Ndiyo maana mwezi wa nne mwishoni kunakuwa na jua na bado watu wanalala njiani. Kwa njia za udongo za Katanga, hesabu kuanzia katikati ya Mei.

Mto unataka maji, na hapo ndipo kiangazi kinamgeuka mgeni. Mto Kongo unapata maji kutoka pande zote mbili za ikweta, kwa hiyo haukauki, lakini unashuka. Kinshasa huwa juu kabisa kati ya Novemba na Januari, na chini Julai na Agosti. Kati ya Kinshasa na Kisangani ni zaidi ya kilomita 1,700, na mafungu ya mchanga yakichomoza tishari linaweza kukaa siku nyingi. Maji yakizidi nayo ni shida: Januari 2024 mto ulifika mita 6.20 Kinshasa, karibu na rekodi ya 1961 ya mita 6.26, na mitaa ya kando ikazama.

Ziwa halijali mvua, linajali upepo. Tanganyika, ukitoka Kalemie kwenda Moba au Kigoma, inachafuka kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini unapovuma. Yaani majira yale yale yanayokupa barabara nzuri yanakupa ziwa baya. Usipande mashua iliyojaa kupita kiasi mwezi wowote, na saa ya kuondoka waachie wavuvi waamue.

Hewa unaiona rahisi, lakini soma hatua ya 6.

Sasa chagua kipande kimoja kigumu kuliko vyote. Hicho ndicho kinashika kalamu. Kama ni udongo, futa miezi yote ya tope hata kama vituo vyenyewe ni vizuri. Kama ni mto, futa Julai na Agosti hata kama kila mtu anakwambia ni kiangazi.

Mfano unaonisumbua kila mwaka ni maporomoko ya Lofoi, ndani ya hifadhi ya Kundelungu. Maji yanaanguka zaidi ya mita 300, ni kati ya marefu Afrika. Yana nguvu wakati wa mvua, na wakati huo hufiki. Septemba unafika bila shida, na unakuta uzi mwembamba unaopeperushwa na upepo kabla ya kugusa chini. Upenyo ni kuanzia katikati ya Mei hadi Juni: barabara imefunguka na mlima bado unatoa maji uliyokunywa wakati wa masika. Nyasi zitakuwa ndefu kukupita kichwa. Vumilia, au lipa kijana wa kijijini akutangulie na panga.

## Hatua ya 4: Amani kwanza, majira baadaye

Hii ningeweza kuiweka juu kabisa. Nimeiweka hapa kwa sababu sasa unajua njia yako kwa jina, na usalama huulizwa kwa jina la njia.

Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari mwaka huo huo. Tuna ndugu kule, tunajua uzuri wa Kivu mwezi wa sita, na bado siwezi kumwambia mtu apange matembezi ya hifadhi za kule, Virunga au Kahuzi-Biega, kwa sababu tu mvua haipo. Ukavu haufungui barabara iliyofungwa na bunduki.

Uliza watu watatu wasiojuana. Usiulize "Kuna usalama?" maana kila mtu atajibu "Mungu yupo". Uliza hivi: Ni nani aliyepita njia hii wiki hii? Alipita na gari gani? Alilala wapi? Kama hakuna anayeweza kumtaja mtu aliyepita, jibu umelipata. Futa kituo hicho leo, usisubiri kuona.

## Hatua ya 5: Ondoa miezi ya watu

Ukishabaki na miezi miwili au mitatu, angalia nani mwingine anasafiri.

Katikati ya Desemba hadi wiki ya kwanza ya Januari familia zote ziko njiani, tiketi zinapanda. Julai na Agosti watoto hawako shuleni, na ndugu wa Ulaya wanarudi kwa ajili ya harusi. Mwisho wa Agosti ni mbaya zaidi, kwa kuwa shule zinafunguliwa mwanzoni mwa Septemba na kila mzazi anarudisha watoto.

Lubumbashi ina lake: mwezi wa sita kuna mkutano wa madini, DRC Mining Week. Siku hizo chumba cha hoteli cha kawaida kinapata bei ya kifalme. Tafuta tarehe zake kabla ya kununua chochote.

Sikukuu za kukumbuka ofisi zikiwa zimefungwa: Januari 4, 16 na 17, Aprili 6, Mei 1 na 17, Juni 30, Agosti 1. Kama unahitaji muhuri, kibali cha hifadhi au benki, usifike siku ya kabla ya sikukuu. Agosti 1, siku ya wazazi, watu wengi huenda makaburini. Ukiwa na wenyeji wako, nenda nao.

## Hatua ya 6: Nunua kwa mpangilio, weka siku za akiba

Anza kwa kumpigia mtu wa kipande kigumu. Akikubali tarehe, ndipo ununue tiketi ya kuingia nchini. Wengi hufanya kinyume: wananunua tiketi ya bei nafuu, kisha wanaanza kuuliza barabara.

Kipimo changu ni hiki: kila ndege ya ndani, siku moja ya akiba. Kila siku ya barabara ya udongo, nusu siku wakati wa ukavu na siku mbili wakati wa mvua. Kila safari ya mto, zidisha muda ulioambiwa mara mbili kisha usimwahidi mtu yeyote kitu.

Nilijifunza kwa hasara. Nilipanga kutoka hapa asubuhi, nifike Kinshasa mchana, niunganishe ndege ya nje usiku ule ule. Ndege ya ndani ikasogezwa kesho yake kwa ujumbe mfupi wa simu, tena saa nne usiku. Tiketi ya pili ikaungua. Hakuna aliyenirudishia hata franka moja, na kusema kweli kosa la kupanga lilikuwa langu.

Umefaulu hapa kama unaweza kupoteza siku mbili bila kupoteza tiketi ya kurudi wala kazi.

## Hatua ya 7: Fungasha mwezi, usifungashe Afrika

Mei hadi Julai, Lubumbashi: koti, soksi, blanketi kama unalala nje. Agosti na Septemba: kitambaa cha pua na mdomo, dawa ya macho, mafuta ya ngozi, maana midomo inapasuka. Novemba hadi Aprili: viatu unavyoweza kuosha, mifuko ya plastiki ya kufungia hati, na chandarua, kwa kuwa mbu huzaliana kwenye madimbwi. Msituni na mtoni chandarua ni mwaka mzima. Sehemu za kando ya maziwa na mito wakati wa mvua kunywa maji yaliyochemshwa tu. Kipindupindu ni mgeni wetu wa mara kwa mara.

## Safari moja kutoka mwanzo hadi mwisho

Shemeji yangu wa Kigoma alitaka siku 16: Lubumbashi kusalimia wazee, Lofoi, na Kinshasa kumwona dada yake. Alikuwa amechagua Agosti kwa sababu ya likizo.

Tukachora. Lubumbashi: kivuli Oktoba hadi Aprili. Lofoi: hivyo hivyo, na kuanzia Agosti maji yanapungua. Kinshasa: kivuli Oktoba hadi Mei. Kipande kigumu kilikuwa udongo wa kwenda Kundelungu, kwa hiyo Kinshasa haikupewa kura. Tukabaki na katikati ya Mei hadi Julai.

Julai ikaondoka kwa sababu ya bei. Juni ikakatwa na mkutano wa madini upande mmoja na Juni 30 upande wa pili. Tukampigia dereva wa njia ile. Akasema ameshapita mara mbili na lori dogo, na kwamba kivuko kinafanya kazi. Tarehe ikawa Mei 20. Lofoi tukaiweka mwisho wa wiki ya kwanza, ili barabara ipate siku chache zaidi za kukauka, na Kinshasa mwishoni, wakati mvua za kule nazo zinaaga. Siku tatu zikawa akiba, na mbili alizitumia kweli, moja kwa tairi na moja kwa ndege.

Koti alileta. Soksi alizisahau, na siku ya pili saa kumi na mbili asubuhi nilimkuta amevaa za mwanangu wa darasa la sita. Tukaenda soko la Kenya, wilaya yetu, si nchi, akanunua jozi tatu za sufu kwenye mitumba na kuvaa mbili kwa pamoja.